Kutoka Santuri hadi Simu: Priamplifaya na Njia ya Sauti katika Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Insha hii inachunguza swali linaloonekana kuwa la mafundi peke yao: je, chanzo cha sauti cha kidijitali kiunganishwe moja kwa moja na amplifaya ya nguvu, au kipitie kwanza kwenye priamplifaya? Swali hilo linachunguzwa kihistoria kwa kutumia Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba priamplifaya ni mkusanyiko wa majukumu kuliko ilivyo kifaa kimoja. Teknolojia ya kidijitali ililiondoa jukumu moja tu kati ya hayo, nayo mengine yakahamia kwenye simu, kwenye sabufa, kwenye miksa na mikononi mwa mtumiaji. Insha inahitimisha kwamba mtafiti anayetumia sauti zilizorekodiwa kama ushahidi analazimika kueleza njia ambayo sauti hiyo ilipitia, kama anavyoeleza asili ya hati ya maandishi.

1.0 Utangulizi

Historia ya vyombo vya sauti katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kama zamu za kupokezana: gramafoni ikaipisha redio, redio ikaipisha kaseti, kaseti ikaipisha sidii, na sidii ikaipisha simu. Katika masimulizi ya namna hiyo, kila kifaa kipya huzika kile kilichotangulia. David Edgerton, katika kitabu chake The Shock of the Old cha mwaka 2006, alipinga mtazamo huo kwa kuonesha kwamba historia ya teknolojia hueleweka vizuri zaidi kwa kufuata matumizi kuliko uvumbuzi, kwani vifaa vya zamani na vipya huishi pamoja kwa muda mrefu. Insha hii inauchukua mkabala huo na kuupeleka hatua moja mbele. Inapendekeza kwamba katika sauti hata kufuata vifaa hakutoshi, na kwamba kinachopaswa kufuatwa ni majukumu yanayofanywa na vifaa hivyo.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu ni mahali ambapo njia nyingi zimekutana. Ujiji ilikuwa soko la misafara katika karne ya 19, na historia yake imeandikwa kwa kina na Beverly Brown katika tasnifu yake ya mwaka 1973, na hivi karibuni na Philip Gooding katika kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu ziwa zima. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kuanzia hapo uzito wa biashara ulihama kutoka Ujiji kwenda bandarini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji walipewa eneo lao katika bandari ya Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Mwaka 1927 meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa mwaka 1916 na kuinuliwa mwaka 1924, ilianza tena safari zake. Hivyo basi, bidhaa, habari na nyimbo zilifika hapa kutoka pande tatu: mashariki kwa reli, magharibi kwa kuvuka ziwa, na kusini kupitia Mpulungu.

Mjadala kuhusu priamplifaya mara nyingi huendeshwa kana kwamba upo nje ya mahali, kwamba kinachofaa chumbani kwa msikilizaji wa London kinafaa popote. Insha hii inaonesha kwamba jibu hutegemea umeme unatoka wapi, waya una urefu gani, na nani anatakiwa kusikika.

2.0 Majukumu matano ya priamplifaya

Priamplifaya ni amplifaya tangulizi inayokaa kati ya chanzo cha sauti na amplifaya ya nguvu, yaani ile inayosukuma spika. Katika vifaa vya nyumbani vya miaka ya 1950, kama vile Quad II ya Uingereza iliyotoka mwaka 1953, sehemu hizo mbili zilijengwa katika makasha tofauti. Sababu ilikuwa ya kiufundi: transfoma na valvu za amplifaya ya nguvu zilitoa joto na mvumo, na sauti dhaifu ilihitaji kukaa mbali navyo.

Majukumu ya priamplifaya yanaweza kugawanywa katika makundi matano. La kwanza ni kukuza. Sindano ya santuri ya aina ya kawaida hutoa takriban milivolti 5, ilhali amplifaya ya nguvu huhitaji takriban volti 1 ili ifikie nguvu yake kamili. Pengo hilo ni la mara 200, sawa na desibeli 46. La pili ni kusawazisha. Santuri hukatwa kiwandani besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa na tasnia ya Marekani mwaka 1954, na wakati wa kuicheza ni lazima kanuni hiyo igeuzwe. La tatu ni kuchagua chanzo kimoja kati ya vingi. La nne ni kudhibiti kiwango cha sauti. La tano ni kuoanisha ukinzani, yaani kuhakikisha kwamba chanzo kina uwezo wa kuendesha waya na amplifaya iliyo mbele yake bila kupoteza sehemu ya sauti njiani.

Mgawanyo huu ni wa lazima kwa hoja inayofuata. Anayesema kwamba priamplifaya haihitajiki tena kwa kawaida huwa anazungumzia jukumu la kwanza. Anayesema kwamba bado inahitajika kwa kawaida huwa anazungumzia la nne na la tano. Wawili hao wanaweza kubishana kwa muda mrefu bila kukutana, kwa kuwa kila mmoja anatumia neno moja kwa maana yake.

3.0 Sauti zilizofika ziwani kabla ya dijitali

Gramafoni za mwanzo zilizoenea Afrika Mashariki hazikuwa na umeme. Springi iliyokazwa kwa mkono ilizungusha santuri, na pembe ikaikuza sauti ya sindano kwa umbo lake tu. Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, zilisikilizwa kwa vyombo vya namna hiyo. Maana yake ni kwamba mawasiliano ya moja kwa moja kati ya chanzo na kipaza sauti si jambo la karne ya 21. Yalikuwapo tangu mwanzo, ila msikilizaji hakuwa na uwezo wa kupandisha wala kushusha sauti, isipokuwa kwa kubadili sindano au kuiziba pembe.

Redio ndiyo iliyoleta ukuzaji wa umeme kwa watu wengi. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo eneo lake liligusa ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ilianza kuwauzia Waafrika redio ya betri iliyopewa jina la utani la sufuria kwa sababu ya umbo la kasha lake. Mwaka huohuo Wabelgiji walianzisha matangazo kwa ajili ya Waafrika kutoka Leopoldville, na mwaka 1951 matangazo yalianza Dar es Salaam. Ndani ya kasha moja la redio, hatua zote tano zilikuwa zimeunganishwa. Msikilizaji aliona vitufe viwili, cha stesheni na cha sauti, na hakuwa na haja ya kujua kwamba kuna kitu kiitwacho priamplifaya.

Kaseti ya Philips, iliyotoka mwaka 1963, iliendeleza hali hiyo. Kichwa cha kusomea kanda hutoa umeme hafifu kuliko hata sindano ya santuri, lakini redio kaseti na deki za kanda zilibeba ukuzaji na usawazishaji wake humo humo. Priamplifaya ilikuwa imeanza kuhama kutoka kasha lake na kuingia ndani ya chanzo miongo miwili kabla ya sidii.

Mahali ambapo ilibaki kuonekana wazi ni ukumbini. Bendi za enzi ya Ujamaa mara nyingi zilitumia vyombo vya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Zilihitaji maikrofoni, magitaa na miksa, na pia mtu wa kuvisimamia. Fundi mitambo alisimama kati ya mwimbaji na spika. Masharti ya uagizaji wa bidhaa kutoka nje, ambayo yalianza kulegezwa mwaka 1984, yalifanya vyombo hivyo kuwa adimu, na uadimu huo uliongeza thamani ya mtu aliyejua kuvitumia na kuvitengeneza.

4.0 Chanzo chenye nguvu

Sidii ilipoingia sokoni mwaka 1982, ilileta badiliko ambalo halikutangazwa sana. Kiwango chake cha kawaida cha kutoa umeme kilikuwa volti 2, mara mbili ya kile ambacho amplifaya nyingi za nguvu huhitaji. Kwa mara ya kwanza tatizo la chanzo cha nyumbani halikuwa udhaifu. Kilichohitajika sasa kilikuwa kupunguza. Aidha, rekodi ya kidijitali haihitaji kusawazishwa kama santuri. Majukumu ya kwanza na ya pili yalikuwa yameondoka.

Hapo ndipo hoja ya kuunganisha moja kwa moja ilipopata nguvu, nayo ina msingi. Kila hatua ya ukuzaji huongeza kelele kidogo na upotoshaji kidogo. Hatua isiyo na kazi ni bora isiwepo. Mwenye chanzo kimoja, waya mfupi na njia safi ya kudhibiti sauti hapati faida yoyote ya kipimo kwa kuongeza kasha jingine.

Upinzani wa zamani dhidi ya hoja hiyo ulihusu namna ya kupunguza sauti. Kupunguza kwa hesabu ndani ya chanzo huondoa takriban biti moja kwa kila desibeli 6. Sidii ina biti 16. Ukiipunguza kwa desibeli 36 katika mfumo wa biti 16, unabakiwa na 10, na sauti ndogo huanza kuchakaa. Lakini katika kigeuzi cha biti 24, upunguzaji huohuo huacha biti 18, ambazo ni zaidi ya zile zilizokuwamo kwenye rekodi. Kwa vifaa vya miaka ya hivi karibuni, basi, upinzani huo umepoteza uzito mkubwa iliokuwa nao katika miaka ya 1980 na 1990.

Upinzani unaohusu ukinzani bado upo, hasa kwa wanaotumia kidhibiti sauti kisicho na umeme badala ya priamplifaya. Kidhibiti cha omu 100,000 kikiwa katika nafasi mbaya zaidi huwa na ukinzani wa takriban omu 25,000 upande wa kutokea. Kikiunganishwa na waya wa mita 30 wenye pikofaradi 100 kwa kila mita, sauti za juu huanza kupungua karibu na hezi 2,100, eneo ambamo sauti za s, sh na f hutofautishwa. Muziki utaonekana mzito tu, lakini maneno yatapoteza makali yake. Kidhibiti cha omu 10,000 kwa waya uleule husogeza kikomo hicho hadi karibu na hezi 21,000, nje ya usikivu wa watu wengi. Chumbani, penye waya wa mita moja, tofauti hiyo ni ndogo mno. Katika ukumbi, kanisa au msikiti ambamo amplifaya iko mbali na chanzo, ndiyo inayoamua kama hotuba itaeleweka.

5.0 Simu, sabufa na umeme wa Kigoma

Katika mwambao wa ziwa, kama ilivyo kwingineko Tanzania, chanzo kikuu cha kidijitali leo ni simu, ikifuatiwa na flashi na memori kadi. Wimbo wa Leka Dutigite wa Kigoma All Stars, uliotoka mwaka 2012, ni wa kipindi ambacho wimbo husafiri kama faili kutoka simu hadi simu. Mazingira haya yanatofautiana na ya sidii katika mambo matatu.

Kwanza, simu haina nguvu za sidii. Tundu lake la visikizio hutoa takriban volti 0.5 hadi 1. Amplifaya ya wati 200 inayohitaji volti 1 ikipewa volti 0.5 hutoa robo tu ya nguvu zake, yaani wati 50. Mtumiaji huona kwamba mashine yake ni dhaifu, hupandisha simu hadi mwisho, kisha huongeza besi kwa programu. Vilele vya mawimbi hukatika ndani ya simu yenyewe, sauti hukwaruza, na twita huungua ingawa amplifaya haijafika kikomo chake. Lawama huenda kwa spika, ilhali kilichokosekana ni jukumu la kwanza la priamplifaya, lile lililodhaniwa kuwa limekwisha.

Pili, simu imebeba jukumu la kudhibiti sauti pamoja na kazi nyingine zote za simu. Ujumbe au mlio wa kupigiwa hupitia waya uleule, kwa kiwango chake wenyewe. Ambapo amplifaya ya nguvu haina kitufe cha sauti, mlio huo hutoka kwa nguvu zote mbele ya waombolezaji au waumini. Priamplifaya yenye kitufe cha kushikwa kwa mkono huweka mpaka kati ya shughuli za mwenye simu na shughuli ya hadhira.

Tatu ni umeme. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na maeneo mengi ya mwambao yalitegemea jenereta ndogo, betri za gari na paneli za jua. Umeme ukikatika, amplifaya huzimika lakini simu huendelea kucheza kwa betri yake. Umeme unaporudi, amplifaya huamka na kukuta sauti imejaa mlangoni, na mshindo huo huenda moja kwa moja kwenye spika. Vilevile, simu iliyounganishwa na chaja na amplifaya kwa pamoja inaweza kutengeneza mzunguko wa ardhi unaoleta mvumo. Hayo si makosa ya kidijitali. Ni matokeo ya kuondoa kifaa bila kugawa upya kazi zake.

Sabufa, ambayo imeenea majumbani, madukani na vinyozini, inatoa mfano wa kinyume. Mtumiaji huchomeka flashi au huunganisha simu bila waya na kuamini kwamba ameunganisha moja kwa moja. Ukweli ni kwamba ndani ya kasha kuna bodi ya kuchagua chanzo, kupandisha sauti na kurekebisha besi: majukumu ya priamplifaya, yaliyofichwa kama yalivyofichwa ndani ya redio ya miaka ya 1950. Kwa mtazamo wa majukumu, sabufa iko karibu zaidi na redio ile kuliko na sidii iliyounganishwa na amplifaya ya nguvu.

6.0 Sauti iliyobaki dhaifu

Mjadala wa kimataifa kuhusu kuunganisha moja kwa moja unamchukulia msikilizaji aliyekaa peke yake na muziki uliokwisha kurekodiwa. Mkusanyiko wa watu Ujiji au Kigoma hauko hivyo. Harusi ina mshereheshaji, msikiti una adhana na mawaidha, kanisa lina mahubiri na kwaya, mkutano wa siasa una mzungumzaji. Maikrofoni ya kawaida hutoa milivolti chache tu, na hakuna badiliko la kidijitali katika chanzo kingine linaloweza kuiongezea nguvu. Gitaa la umeme, ambalo lina nafasi kubwa katika muziki wa Kongo ng'ambo ya ziwa, huhitaji pia kipokezi chenye ukinzani mkubwa, takriban omu milioni 1, la sivyo sauti zake za juu hupotea.

Matokeo yake ni tofauti yenye maana ya kijamii. Sauti iliyorekodiwa studio Dar es Salaam huingia kwenye amplifaya ikiwa na nguvu ya kutosha. Sauti ya mtu aliyesimama mbele ya hadhira huingia ikiwa dhaifu na huhitaji mpatanishi. Palipo na miksa, mpatanishi huyo yupo, na priamplifaya imo ndani ya kila mkondo wa maikrofoni. Ambapo amplifaya imenunuliwa kwa kuzingatia wati peke yake, muziki unavuma na mzungumzaji hasikiki. Kuondoka kwa fundi mitambo, kunakotajwa mara nyingi kama ukombozi wa enzi ya simu, kumekuwa ukombozi kwa wimbo uliorekodiwa kuliko kwa msemaji.

7.0 Athari kwa mtafiti

Brian Larkin, katika utafiti wake kuhusu Kano uliochapishwa mwaka 2008 kwa jina Signal and Noise, ameonesha kwamba kelele na uchakavu wa nakala ni sehemu ya historia ya vyombo vya habari barani Afrika, wala si kasoro ya pembeni. Hoja hiyo inagusa moja kwa moja kazi ya kuhifadhi sauti za zamani.

Mtafiti anayehamisha santuri kwenda kwenye kompyuta bila priamplifaya ya santuri atapata faili ambalo besi yake imepungukiwa kwa takriban desibeli 20 katika sauti za chini kabisa, na sauti zake za juu zimezidi kwa kiasi kama hicho. Atakayelisikiliza faili hilo baada ya miaka 30 anaweza kuandika kwamba bendi husika ilikuwa na besi hafifu. Kwa kanda, kanuni ya kusawazisha ilikuwa mikrosekunde 120 kwa kanda za kawaida na 70 kwa nyingine. Kuchagua isiyo sahihi hubadilisha sauti za juu. Mahojiano yaliyorekodiwa kwa maikrofoni kupitia kipokezi kisichofaa hupoteza konsonanti, na pamoja nazo tofauti za lafudhi ambazo mwanaisimu wa Kiha au wa Kiswahili cha Ujiji angezihitaji.

Kwa hiyo, kila faili la sauti linalowekwa kwenye hifadhi liambatane na maelezo mafupi ya njia yake: chanzo, kichezeo, priamplifaya au kifaa kilichochukua nafasi yake, kanuni ya kusawazisha, na kigeuzi. Mwanahistoria hakubali hati isiyoeleza imenakiliwa kutoka wapi. Sauti inastahili uhakiki huohuo.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba chanzo cha kidijitali kinaweza kuunganishwa moja kwa moja na amplifaya ya nguvu bila hasara inayopimika pale ambapo kipo kimoja, kina volti za kutosha, waya ni mfupi, udhibiti wa sauti ni salama na hakuna maikrofoni. Masharti hayo hupatikana chumbani. Katika mikusanyiko ya Kigoma, Ujiji na mwambao hupatikana kwa nadra, na ndiyo maana priamplifaya haijatoweka huko, imebadili makazi. Iliingia ndani ya redio, ikahamia ndani ya deki, sabufa na miksa, na sehemu yake moja sasa iko kwenye kioo cha simu.

Kwa historia ya teknolojia, jambo hili linataka swali libadilike. Badala ya kuuliza kifaa fulani kilikufa lini, inafaa kuuliza kazi yake ilichukuliwa na nani, na nani alibaki bila mtu wa kumfanyia. Katika mwambao huu, aliyebaki hivyo mara nyingi ni yule anayesimama kuzungumza.